Nilimfundisha kazi, sasa ananizidi mshahara

Shikamoo mama mshauri,

Naomba usichapishe jina langu wala la kiwanda. Nina watoto wawili, naishi mkoa wa Pwani, na ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha kusindika matunda. Nilianza kazi hapa kabla ghala la pili halijajengwa. Nilianzia kwenye meza ya kuchambua maembe, nikahamia mashine za kujaza, nikasoma cheti jioni baada ya kazi, mpaka nikakabidhiwa zamu.

Mwaka juzi aliletwa kijana, nimwite Juma. Mimi ndiye niliyemfundisha: namna ya kusoma vipimo vya joto, namna ya kujaza daftari la zamu, fundi yupi wa kumpigia mashine ikigoma usiku. Ni kijana mwenye adabu, ananiita dada, na watoto wangu wanamwita mjomba. Sasa naye ni msimamizi wa zamu. Mwezi huu mimi mchana yeye usiku, mwezi ujao tunabadilishana. Mashine zile zile, watu wale wale, daftari lile lile.

Majuzi aliomba mkopo SACCOS akaniomba nimdhamini. Fomu ilikuwa imebanwa pamoja na slipu yake ya mshahara. Mama, mimi napokea shilingi 780,000 kabla ya makato. Yake ilisomeka 1,150,000. Nilisaini nikamrudishia, sikusema neno.

Baadaye nilikwenda kwa meneja. Sikumtaja Juma. Niliuliza tu mishahara ya wasimamizi inapangwaje, nikaomba wangu uangaliwe. Alinijibu kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulioniuma. Alisema: "Wewe una mume. Hawa vijana wana majukumu, wanajenga, wanatunza wazazi. Halafu wewe ukienda likizo ya uzazi tunakulipa upo nyumbani." Mume wangu ni dereva wa daladala isiyo yake. Siku gari likiwa gereji, chakula cha nyumbani ni mimi. Wazazi wangu pia ni mimi.

Nikamweleza kaka yangu mkubwa. Kaka alisoma seminari kuu, falsafa aliimaliza kabla hajaacha njia ya upadri, sasa ni mwalimu wa sekondari na ukoo mzima unamsikiliza. Akanijibu kwa Wagiriki. Alisema Aristotle amefundisha kwamba haki ni walio sawa wapewe sawa na wasio sawa wapewe tofauti, kwa hiyo mkilipwa tofauti ujue kuna tofauti usiyoiona. Plato naye amesema haki ni kila mtu kushika kazi yake asiingilie ya mwenzake, na kupanga mishahara ni kazi ya meneja. Akamalizia na Epictetus, kwamba kilicho nje ya uwezo wako kisikukoseshe usingizi.

Nikamwambia, kaka, hao Wagiriki hawanilipii ada ya watoto. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Na wale akina mama wa kuchambua? Si wewe unayewaandika alfajiri? Wanalipwa kiasi gani, na wenzao wa kudumu wanaokaa nao meza moja wanalipwa kiasi gani? Anzia hapo, ndipo uje kwangu na habari za haki."

Ni kweli. Vibarua wetu wanaletwa na wakala. Mezani anakaa mwenye mkataba na asiye na mkataba, visu vinafanana, maembe yanafanana. Kiwanda kinamlipa wakala, wakala anakata chake, kinachobaki ndicho cha kibarua. Mimi naandika majina na saa zao. Sikuwahi kuliona hilo kuwa jambo langu.

Mama, je, nina wivu? Nikilalamika nitamponza Juma, maana itajulikana nimeona slipu yake. Nikinyamaza, kila anaponisalimia naona kama ninamficha kitu. Meneja naye anaweza kunirudisha mezani. Na hao Wagiriki, ni kweli walisema hivyo? Kaka namheshimu, siwezi kubishana naye kwa vitabu ambavyo sijavisoma.

Mama wa Zamu, Pwani

*

Marahaba, mwanangu.

Umeuliza kuhusu mshahara wako, lakini ndani ya barua yako yumo Juma unayempenda, kaka unayemheshimu, na akina mama unaowaandika alfajiri. Ndiyo maana jambo limekuwa zito. Lingekuwa la fedha peke yake, ungekuwa umeshaliamua. Nimerudia mara kadhaa aya ile ya wakala, kwa sababu umeiandika mwishoni na kwa haraka, na nadhani imekusumbua kuliko unavyokiri. Nitaifikia. Nianze na Wagiriki, maana ndio waliokuziba mdomo.

Kaka yako hakukudanganya. Aristotle, aliyefariki mwaka 322 KK, aliandika neno hilo katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako. Lakini haishii pale kaka alipoishia. Anaendelea kusema kwamba watu wote wanakubali mgawo wa haki ufuate stahili ya mtu, ila wanagombana juu ya kipimo cha hiyo stahili. Watetezi wa demokrasia hupima kwa hali ya kuwa mtu huru, wenzao wanaotaka utawala wa wachache hupima kwa mali au kwa ukoo, wengine kwa ubora wa tabia. Kwa hiyo kumwambia mtu "wasio sawa wapewe tofauti" bado si jibu. Kaka anapaswa kukuambia wewe na Juma hamko sawa katika nini.

Katika kitabu cha tatu cha Siasa, Aristotle huyo huyo anatoa mfano ambao ningependa uushike. Wapo wapiga zumari, na zumari nzuri ni chache. Iliyo bora apewe nani? Asipewe mwenye ukoo mkubwa, wala mwenye sura nzuri, hata kama mtu ataamini kwamba ukoo na sura ni neema kubwa kuliko ufundi wa zumari. Apewe anayeipiga vizuri kuliko wenzake, kwa kuwa ukoo na sura haviongezi chochote kwenye kazi ile. Anaongeza kwamba tukiruhusu kila sifa iingie kwenye hesabu, hata urefu wa mtu utakuwa hoja ya kumpa cheo. Kipimo kinachotakiwa ni kile kinachotoka ndani ya kazi yenyewe.

Sasa yarudie maneno ya meneja. Hakusema Juma anasoma vipimo vya joto vizuri kuliko wewe, wala kwamba zamu yake inatoa mzigo mwingi au ina hasara ndogo. Alisema una mume, na kwamba unazaa. Ndoa yako haina kazi yoyote pale kwenye mashine ya kujaza. Mtu anaweza kumtetea kwa kusema alipima kwa mahitaji, na mshahara kufuata mahitaji ni hoja yenye heshima, sitaidharau. Lakini anayeishika aishike mpaka mwisho: amuulize kila msimamizi anatunza watu wangapi. Wewe hukuulizwa. Ulidhaniwa.

Sheria yetu iko karibu sana na mfano wa zumari. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kubagua kwa jinsia, kwa ujauzito, kwa hali ya ndoa au kwa majukumu ya kifamilia, na kinaruhusu tofauti inayotokana na mahitaji ya kazi yenyewe. Kinamtaka pia achukue hatua za kuhakikisha mwanamke na mwanamume wanapata ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haukuwapo. Na likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo imo katika sheria hiyo hiyo. Hukuikopa kwa meneja, kwa hiyo hudaiwi.

Hata hivyo, nikuulize maswali ambayo upande wa pili utayauliza. Ile 1,150,000 ilikuwa mshahara wa msingi, au ilikuwa na posho na ovataimu za mwezi ule? Mwezi wa usiku una nyongeza yake kisheria, asilimia 5 ya ujira wa msingi kwa saa za usiku, ingawa hiyo peke yake haifiki tofauti ya shilingi 370,000. Je, Juma ana stashahada? Alitoka kwingine alikokuwa akilipwa vizuri, wakamvuta? Sifa zinazohusu kazi Aristotle angezikubali, na nadhani hata wewe ungezikubali. Usiingie kwenye ofisi ya mtu ukiwa na namba moja uliyoiona kwa sekunde chache.

Kuhusu wivu. Katika kitabu cha pili cha Balagha, Aristotle anatenganisha maumivu matatu yanayofanana kwa nje. Kuna mtu anayeumia kwa sababu mwenzake amepata. Kuna anayeumia kwa sababu yeye mwenyewe hajapata, na hiyo anaiita tabia ya watu wema, kwa kuwa inamsukuma mtu kujitafutia. Na kuna anayeumia kwa kuona kitu kimekwenda pasipostahili, ambayo nayo ni ya moyo mzuri. Jiulize: meneja akishusha mshahara wa Juma mpaka 780,000, utalala vizuri? Kutokana na unavyomwandika kijana huyo, sidhani. Lakini jibu unalo wewe.

Plato amesomwa na kaka yako kitabu cha nne cha Jamhuri, akafunga kabla ya cha tano. Ni kweli katika cha nne Socrates, mwalimu wa Plato ambaye ndiye msemaji mkuu wa kitabu hicho, anasema haki ni kila mmoja kushika lake. Kwenye cha tano anajiuliza kama wanawake wanaweza kuwa walinzi wa mji, na hoja inayoletwa dhidi yake ni ile ile ya kaka: maumbile tofauti, kazi tofauti. Socrates anajibu kwa kuuliza kuhusu wenye vipara na wenye nywele. Nao wana maumbile tofauti. Je, wenye vipara wakishona viatu, wenye nywele wakatazwe kushona? Tofauti inayohesabiwa ni ile inayoigusa kazi, na kwamba mmoja anazaa na mwingine anazalisha haijaonyesha chochote kuhusu ulinzi wa mji. Kwa hiyo wanawake wafundishwe yale yale na washike kazi zile zile. Nisikufiche kwamba hapo hapo anasema wanawake kwa ujumla ni dhaifu kuliko wanaume katika kila kazi. Lakini hoja yake ni kubwa kuliko maoni yake hayo, na ukiiweka mbele ya meneja wako, yeye ndiye atakayepata taabu kuijibu.

Epictetus alizaliwa mtumwa, na mtu aliyepitia huko hakuhitaji kuambiwa maana ya kukosa uwezo. Ni kweli alifundisha kutenganisha yaliyo mikononi mwetu na yasiyokuwa. Mshahara wa Juma hauko mikononi mwako. Kuuliza kuko mikononi mwako. Yeye mwenyewe alikuwa akimsifu Helvidius Priscus, mjumbe wa baraza la Roma, ambaye mfalme Vespasian alimtaka asihudhurie kikao. Helvidius alijibu kwamba mfalme ana uwezo wa kumvua ujumbe, lakini maadamu yeye ni mjumbe atahudhuria, na akiulizwa atasema analoliona kuwa haki. Epictetus asiyemtaja Helvidius ni nusu ya Epictetus.

Sitaki pia uwafanye Wagiriki kuwa mitume, kwa sababu hapo ndipo ninapomkaribia kaka yako. Aristotle aliyeujua vizuri mfano wa zumari aliandika, katika kitabu cha kwanza cha Siasa, kwamba wapo watu waliozaliwa kuwa watumwa, na kwamba fikra za mwanamke hazina mamlaka. Alijua kabisa kwamba wapo wa zama zake waliosema utumwa umewekwa na sheria za watu tu na ni dhuluma. Aliwajibu, lakini majibu yake yaliwaacha watumwa pale pale walipokuwa. Kipimo alikuwa nacho. Hakukipeleka kwa waliokuwa wakimtumikia.

Wewe nawe unao akina mama wa kuchambua. Sikulaumu. Nataka tuwaangalie kwa utulivu.

Athens ilipokuwa ikimalizia hekalu la Erechtheion, mwishoni mwa karne ya tano KK, hesabu za ujenzi zilichongwa kwenye mawe na vipande vyake vimesalia. Kwenye orodha hizo raia, wageni wakaazi na watumwa wanafanya kazi ya mawe bega kwa bega, na wanaolipwa kwa siku wanalipwa drakma moja, sarafu ya Wagiriki. Msanifu wa jengo naye amehesabiwa drakma moja kwa siku. Ukiishia hapo utasema mji ule ulikuwa na usawa ambao sisi hatuna. Lakini ujira wa mtumwa ulikuwa wa bwana wake, na kama mtumwa alibaki na chochote, ilikuwa kwa hiari ya bwana. Karatasi ilikuwa sawa, mkono uliopokea ndio uliotofautiana.

Kibarua si mtumwa, na sisemi wakala wenu anavunja sheria, maana sijui anakata kiasi gani. Lakini huenda kiwanda kinatoa kwa kichwa kiasi ambacho si kibaya, na huko njiani ndiko kinakopungua. Umewahi kujua kiasi hicho? Kinachomfikia mama pale mezani kinafika kima cha chini kilichowekwa na amri ya mishahara kwa sekta yenu? Afisa kazi anaweza kuulizwa swali hilo bila mtu yeyote kutajwa jina.

Kaka yako alichukua jambo la kweli akalitumia kukunyamazisha, na hapo sikubaliani naye. Angekuwa sahihi, mtu wa kati asingeweza kudai chochote mpaka wa chini yake wote wapate haki, na meneja angestarehe milele. Lakini pia swali lake usilitupe. Unapodai usipimwe kwa ndoa yako, unadai kila mtu apimwe kwa kazi, na ukishasema hivyo kwa sauti, akina mama wale wamo ndani ya sentensi yako upende usipende. Huna uwezo wa kumwondoa wakala. Daftari la saa, hata hivyo, ni lako. Saa zao zikiandikwa kamili, na kila mmoja akijua ni saa ngapi zimeandikwa kwa jina lake, wakala atapata shida kuzipunguza. Hilo lina hatari yake, kwa sababu wakala na meneja huenda wanaelewana, na wewe ndiye utakayeonekana umeanza maneno. Pima.

Kuhusu mshahara wako, mlango ninaouona karibu ni Juma. Alikuamini kwa slipu yake. Akisikia kwa wengine kwamba umeitumia, ataumia, na atakuwa na haki ya kuumia. Akisikia kutoka kwako, huenda akaona aibu, huenda akaogopa kwamba wake utashushwa, na huenda akaenda kumwambia meneja. Au atakuambia, "Dada, sikujua, nitaje." Wewe unamjua, mimi simjui. Kuna pia njia isiyomgusa kabisa: barua fupi kwa afisa utumishi ukiomba kuelezwa ngazi za mishahara ya wasimamizi wa zamu na wewe uko ngazi ipi. Maneno aliyokuambia meneja yaandike kwenye daftari lako la nyumbani, na tarehe, na kama kulikuwa na mtu aliyesikia. Barua ya namna hiyo haimshtaki mtu, ingawa kwenye viwanda vingine kuuliza tu kunatosha mtu kuanza kutazamwa vibaya. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, swali likiulizwa na tawi kwa niaba ya wasimamizi wote, jina lako linapungua ukali. Ila tawi likiwa mfukoni mwa uongozi, utakuwa umejitangaza.

Mbele zaidi ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huanza kwa usuluhishi, pande mbili zikikaa mezani, kabla ya kufika kwenye uamuzi. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60 tangu ulipozuka, na wengi hupoteza haki zao kwa kuhesabu vibaya siku hizo. Kwa hiyo hata kama hutaki kwenda huko leo, muulize mtu wa sheria siku zako zinahesabiwa kuanzia lini, jibu la meneja au tukio jingine. Wapo wanaoshinda huko na kisha wakashindwa kukaa kazini kwa baridi ya wenzao, na wapo waliopata nyongeza na heshima pia. Na kutafuta kazi kwingine kimyakimya, ukiwa na cheti chako na uzoefu wa meza mpaka zamu, si kushindwa.

Zungumza na mume wako kabla ya yote haya, kwa sababu gari likiwa gereji na wewe ukiwa umerudishwa mezani, ni nyumba yenu yote inayolipa. Na kaka yako mwombe, kwa heshima yote anayostahili, akusomee kitabu cha tano cha Jamhuri na cha tatu cha Siasa. Kama mwalimu wa kweli, atafurahi kuombwa. Ukishajua kilichokuwa kwenye slipu ile, msingi au na ovataimu, niandikie tena, maana ushauri wangu utabadilika kulingana na hilo.